Shujaa Mwenye Nguvu Zote Atasimuliwaje?

Hadithi maarufu kuliko zote kuhusu Kitui haina mtunzi anayejulikana. Mtu ameibiwa runinga. Amepiga ripoti kituoni, ameandikiwa nambari, mambo yakalala. Basi anapanda gari hadi Kitui, anamwona mganga, analipa kilichotakiwa na kurudi kwake. Siku mbili tatu hazijaisha, mwizi anaonekana barabarani mchana peupe, runinga imemganda begani, nyuki wamemfunika kichwa chote, analia na kuomba msamaha. Umati unapiga picha kwa simu. Kwisha. Kipeleke kisa hicho Bungoma au Malindi, geuza runinga iwe pikipiki, mwondolee mwizi nyuki na umlishe nyasi. Bado ni kisa kile kile.

Sina nia ya kubishana hapa kama kamuti, uganga huo wa Kikamba, inafanya kazi. Sisi Wakamba tumetaniwa vya kutosha, na nadhani wapo miongoni mwetu ambao utani huo umewalindia mali kuliko kufuli. Ninalouliza ni swali la mtunzi. Kwa nini kisa chenye nguvu za ajabu kiasi hicho huwa kifupi hivyo, tena hakibadiliki?

Jibu la haraka ni kwamba nguvu zimezidi. Mganga akiweza kila kitu, hakuna kinachobaki kusimuliwa. Ndiyo hoja utakayoisikia vijana wakizozana kuhusu filamu za Marvel na DC, iwe ni bwenini katika Chuo Kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza au kwa kinyozi mjini Wote. Superman anachosha, wanasema, kwa sababu haumii. Tupe Batman, binadamu wa kawaida mwenye pesa na hasira. Tupe Spider-Man, kijana anayeruka juu ya majumba ya New York huku hajui kodi ya mwezi ataitoa wapi. Kwa hoja yao, shujaa akiwa dhaifu mwandishi anapata usingizi; akiwa na nguvu za kutisha, mwandishi anakesha.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu nyingine inapingwa na jambo ambalo kizazi chetu kilijifunza kwenye vibanda vya video, ambako kiingilio kilikuwa sarafu moja au mbili na sauti ya msimulizi DJ Afro ilifunika Kiingereza chote cha Hollywood. Kila aliyebanana kwenye mabenchi yale alikuwa na uhakika wa jambo moja: steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Bunduki kumi zitamfyatulia, zote zitamkosa. Yeye akifyatua moja, wanaanguka watatu. Tulijua hivyo kabla jenereta haijawashwa, na bado hakuna aliyetoka nje. Chukua *Commando*, filamu ya 1985 ya Arnold Schwarzenegger. Jamaa anabeba gogo zima begani kama mtu anayebeba jembe. Hakuna mtazamaji aliyehofia kwamba atapigwa. Lakini binti yake ametekwa, na watekaji watagundua kuwa amewatoroka pindi ndege itakapotua, saa 11 baada ya kupaa. Misuli ile yote haisimamishi saa. Ndiyo maana tulikaa.

Hapo ndipo nilipo mimi katika ubishi huu. Nguvu za shujaa zinaharibu hadithi pale tu zinapojibu swali ambalo hadithi inauliza. Ukimpa shujaa nguvu za kubeba milima kisha ukauliza kama ataubeba mlima, umeshamaliza. Ukiuliza kama mke wake atamsamehe, milima haimsaidii kitu. Anayemwandika mnyonge hupewa wasiwasi wa bure, kwa kuwa karibu kila kitu kinaweza kumshinda mtu wake, hata njaa ya siku moja. Anayemwandika jitu lazima autafute wasiwasi huo mwenyewe, na wengi huchoka kabla hawajaupata.

Wamarekani wenyewe wamehangaika na jambo hili tangu mwanzo. Superman aliibuka katika toleo la kwanza la *Action Comics*, lenye tarehe ya Juni 1938, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Kwenye jalada anaonekana ameinua gari juu ya kichwa. Siku hizo hakuwa akipaa. Alikuwa akiruka tu, mruko mrefu, na kombora lingeweza kumtoboa. Kadiri miaka ilivyopita waandishi walimwongezea: akapaa, akaona kupitia kuta, akafika mahali pa kusukuma sayari na kurudi nyuma katika wakati. Walipoona wamejifungia nje ya nyumba yao wenyewe, wakaanza kupunguza. Mwaka 1971 Dennis O'Neil alimkata nguvu. Baada ya muda zikamea tena. Mwaka 1986 John Byrne akamkata upya. Hata kabla ya kukatwa huko kulikuwa na dawa nyingine, lile jiwe la kryptonite, ambalo lilisikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943 kabla ya kuingia kwenye vitabu vya katuni. Jiwe likija karibu, jitu linalegea. Ni mbinu halali, lakini ni ya uvivu: mwandishi hajapata swali jipya, amezima tu stima kwa muda ili lile swali la zamani lionekane gumu.

Wajapani walikwenda upande wa pili kabisa. Katika *One-Punch Man*, iliyoanza kuchapishwa mtandaoni mwaka 2009, shujaa Saitama humshinda kila adui kwa ngumi moja. Moja tu. Mtunzi hakumpunguzia chochote. Badala yake aliuliza maisha ya mtu wa aina hiyo yanakuwaje, na jibu likawa kwamba yanachosha, kwamba anawahi punguzo la bei dukani kuliko anavyowahi vita, na kwamba sifa zake huchukuliwa na wengine. Kiwango cha nguvu kimefika mwisho wa rula na hadithi inakimbia.

Na unyonge nao si dawa. Atakayebisha asahihishe rundo la insha za shule ya msingi. Mhusika ni yatima, hana viatu, mama wa kambo anamnyima chakula; mnyonge kuliko huyo huwapati wawili. Ukurasa wa pili anajitokeza mfadhili, ukurasa wa tatu yatima ni daktari na mama wa kambo yuko kwenye foleni ya wagonjwa. Kwa nini tunapiga miayo? Kwa sababu mtoto huyo ana nguvu kubwa kuliko za Superman, ila zimefichwa: bahati anayoletewa na mwandishi kila anapokwama.

Sasa turudi Ukambani, ambako watu walishughulika na suala hili zamani kabla ya Cleveland. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, ambaye dunia inamjua zaidi kwa vitabu vyake vya dini na falsafa za Kiafrika, alichapisha mwaka 1966 mkusanyiko uitwao *Akamba Stories*. Kabla yake Msweden Gerhard Lindblom alikuwa ameandika ngano nyingi za Wakamba mapema katika karne ya 20. Ukisoma kazi hizo, au ukibahatika kuwa na nyanya ambaye bado anakumbuka, utaona jinsi nguvu zilivyogawanywa. Nyingi amepewa adui. Eimu, zimwi letu, linameza watu na mifugo, linajigeuza kijana mtanashati na kuposa binti wa watu, linakula na halishibi. Upande wa pili kuna sungura, kuna msichana aliyepotea njia, kuna mtoto aliyefichwa na mama yake kijiji kizima kilipomezwa.

Mtoto huyo anakua, anajifunza upinde, anaenda kulitafuta zimwi. Analipiga mishale. Zimwi linapokata roho, kwa masimulizi mengi, lenyewe ndilo linalosema: nikate kidole changu cha mwisho. Kijana anakata kidole kile kidogo na kutoka humo wanamiminika watu, mbuzi, ng'ombe, kijiji chote.

Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinikera. Adui gani anatoa siri yake bila kulazimishwa?

"Susu," nikamwuliza nyanya yangu, "kwa nini limwambie?"

"Kwani wewe ulitaka wale watu wabaki ndani?" akanijibu, kisha akaendelea kupepeta pojo zake.

Nimesoma vitabu kadhaa vya nadharia tangu siku hiyo na sijakutana na jibu lililonyooka zaidi. Hadithi ile haiulizi zimwi litauawaje. Mishale imeshamaliza suala hilo kwa sentensi moja. Inauliza kama waliopotea wanarudi. Zimwi liwe kubwa kama kilima au dogo kama kuku, swali linabaki pale pale. Nyanya aliyekuwa akisimulia, naye, hakuwa na haja ya kutafuta mwisho wa kupendeza: desturi iliyoandikwa na Lindblom ni kwamba msimuliaji wa Kikamba alifunga ngano kwa kuwaombea wasikilizaji wingi wa wadudu ghalani na kujiombea yeye ng'ombe zizini. Watoto wakacheka, wakaenda kulala.

Tukitoka kwenye ngano na kuingia kwenye mighani, yaani visa vya watu wanaoaminiwa kuwa waliishi, tunakutana na nguvu ambayo ingemtoa jasho mwandishi yeyote wa Marvel. Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba, aliona yajayo. Masimulizi yanasema alitabiri watu wenye ngozi nyeupe, wanaosema lugha kama ya ndege, wanaobeba moto mfukoni, na joka refu litakaloanzia kwenye maji ya upande mmoja na kuishia kwenye maji ya upande mwingine. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, ikafika ziwani mwaka 1901. Mwaka 2017 joka la pili, reli mpya ya SGR, lilipita ukanda ule ule wa Makueni, na abiria wa Madaraka Express anayeingia Nairobi anashukia mahali paitwapo Syokimau.

Jaribu kumwandika. Mhusika anayejua mwisho ni jinamizi la mtunzi, maana msomaji huishi kwa kutojua. Lakini nguvu ya Syokimau ina mpaka ambao hauhitaji jiwe la kryptonite: anaona, hazuii. Anawaambia watu kuhusu joka, nao wanafanya nini? Wanahama? Wanacheka? Wapo watakaomwendea kwa siri usiku kuuliza kama mashamba yao yatapitiwa? Wagiriki walimpa Cassandra kipawa kama hicho na laana ya kutoaminiwa. Mimi nadhani cha Syokimau ni kizito zaidi, kwa sababu watu wake walimwamini, na joka likaja vilevile.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Kivoi wa Mwendwa, na hiki kimeandikwa na shahidi. Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu Kitui katikati ya karne ya 19, mwenye misafara, wafuasi na sifa ya uganga iliyowatia watu hofu. Ndiye aliyempokea mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Krapf alirudi mwaka 1851, wakaenda pamoja hadi karibu na Mto Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa.

Angalia kilichotokea kwa hadithi. Mpaka hapo tulikuwa na mtu mwenye nguvu akiongoza msafara. Safari ndefu, mambo shwari. Ghafla mwenye nguvu hayupo, na tumebaki na Mjerumani mmoja porini, asiyejua njia, mwenye kiu. Alipofika mtoni alikosa chombo cha kubebea maji, akajaza maji kwenye mkoba wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Bunduki imegeuka kibuyu! Kisha anatembea usiku na kujificha mchana, na anapofika kwa watu wa Kivoi hakuna anayempongeza kwa kuokoka; wanamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, na inambidi kutoroka tena. Kurasa hizo huziwekei kitabu chini.

Wale wa kambi ya wanyonge watasema nimewasaidia. Mnaona, hadithi imechangamka nguvu zilipoondoka! Ndiyo, kwa upande wa Krapf. Lakini kuna hadithi nyingine pale ambayo haijaandikwa bado, ya nyumbani kwa Kivoi usiku ule habari zilipofika. Mtu aliyeaminiwa kuwa hakuna wa kumgusa amekufa, na mgeni aliyekuwa naye yu hai. Wake zake wanafikiri nini? Washindani wake kibiashara? Waliompa mali kwa kuuogopa uganga wake wataendelea kulipa? Hadithi hiyo inawezekana kwa sababu tu Kivoi alikuwa na nguvu. Ukimpunguzia sifa ya uganga, umeipunguzia hadithi uzito wake.

Kuna pia nguvu isiyohitaji uganga. Mwezi mmoja baada ya ile tarehe ya jalada la Superman, Julai 1938, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kutembea hadi Nairobi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua kwamba mifugo ya Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, imezidi uwezo wa ardhi, ikawa inaikamata na kuiuza kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyeinua gari juu ya kichwa. Walifika, wakaketi, wakasema wanataka kuonana na gavana, wakakaa wiki kadhaa. Serikali ikamkamata Muindi na kumpeleka kizuizini Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha ikaacha kunyakua mifugo kwa nguvu. Kuketi chini: sijui kipimo cha nguvu za mashujaa kinaliweka wapi jambo hilo.

Huko Lamu alikopelekwa, miaka 25 kabla yake, mwaka 1913, Muhammad Kijumwa alikuwa ametunga utenzi wa Fumo Liyongo. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi nchini anamjua Liyongo, na anajua orodha ya sifa za shujaa wa mighani: nguvu zisizo za kawaida, siri ya udhaifu, usaliti wa mtu wa karibu. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Luanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe, ila kivuli chake kinavuja damu. Msomaji wa haraka atasema sindano na kivuli ni kryptonite ya Kiafrika. Sikubaliani. Kryptonite ni jiwe, halina uhusiano na mtu. Sindano ya Liyongo imeshikwa na mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Na baba, kwa masimulizi, anapoulizwa na mtoto jinsi ya kumuua anashuku kilichofichika nyuma ya swali, na bado anajibu. Kivuli cha Magere kimegunduliwa na mke aliyemwamini hata alipougua. Swali si shujaa atachomwa wapi. Swali ni kwa nini alisema. Halafu utenzi unaongeza jambo ambalo hakuna filamu ya Hollywood iliyonipa: Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na kwa siku kadhaa watu wanakosa maji kwa kuiogopa maiti.

Ukiwa na macho hayo, hata kile kisa cha nyuki kinaweza kuokolewa. Usimguse mganga, mwachie nguvu zake zote. Badilisha mwenye runinga tu: amelipa, nyuki wametumwa, hakuna wa kuwarudisha, na jioni hiyo anagundua kwamba aliyechukua runinga ni mdogo wake, aliyeiuza kumnunulia mama yao dawa. Sasa nyuki wako njiani. Ukurasa wa kwanza umeanza.

Naona vijana wengi wa huku wanaochora mashujaa kwenye simu na daftari wakihangaikia upande usiofaa. Wanatengeneza jedwali: kasi, nguvu, kinga, silaha. Wengine wanaogopa kumpa mtu wao uwezo mkubwa, kwa kuwa wameambiwa ni makosa. Mimi ningewapa zoezi moja. Mchukueni msichana wa Makueni anayeweza kupindua lori kwa mkono mmoja. Mpelekeni kwenye Mto Thwake, ambako usiku malori hufika kuzoa mchanga wa ujenzi. Katika nchi yetu mto ukikauka maji hubaki ndani ya mchanga; watu hufukua, hupata. Mchanga ukienda, maji yanaenda nao, na ndiyo maana kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Basi adui yupo, sheria ipo, nguvu zipo. Msichana anapindua lori. Anaangaza tochi shimoni na kuona wapakiaji: wawili walisoma naye, wa tatu ni mjomba wake, ambaye kwa koleo lile analipa karo ya binamu zake.

"Mwana wa dada," mjomba anasema, "ukimaliza kuonyesha nguvu zako, tusaidie kulisimamisha."

Analisimamisha au halisimamishi? Mpeni nguvu mara mia, haitamsaidia kuamua. Na mkitaka kumbana zaidi, afanye anachoona ni haki, aliache limelala, na kesho kutwa usiku yaje malori mawili, malipo ya wapakiaji yakiwa yameongezwa shilingi 100.